Muuzaji Akisema Hajui

Chini ya risiti nyingi za kompyuta za mtumba hapa Nairobi huwa pana maneno madogo: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mimi huwaunganishia kompyuta watu wa Kibera, nilikozaliwa, na wa Kawangware, na maneno hayo hunikera kuliko bei yoyote ya maduka ya barabara ya Luthuli. Yanadai kwamba mtu aweza kuuza kitu asichokijua, akapokea pesa, akaenda kulala na dhamiri safi. Je, aweza?

Swali hili ni kongwe kuliko umeme. Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 820, hakukubali kuzipima bidhaa zote kwa kipimo kimoja. Muuzaji akiweka sharti kwamba hahusiki na kasoro yoyote, sharti hilo halimwokoi, isipokuwa mahali pamoja: kasoro ya ndani ya mnyama, tena ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Ndivyo Imamu Nawawi, mfuasi wa madhehebu yake, alivyoliandika katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa pwani yetu kwa vizazi. Sababu aliyoitoa Shafi ni kwamba mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa. Hali yake hubadilika, na ni nadra akose ila iliyojificha. Kitambaa hakina udhuru huo. Kikunjue, utaona tundu.

Basi diski ya kompyuta tuihesabu mnyama, au kitambaa?

Mama mmoja anayeuza nguo karibu na steji ya 46, Kawangware, alinikabidhi shilingi 18,000 nimtafutie kompyuta ya bintiye anayesomea uhasibu. Zilikuwa pesa za chama, zamu yake ilikuwa imefika. Nikapata mashine iliyotoka katika ofisi fulani Ulaya: Core i5 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 8, diski ya GB 500. Kijana wa dukani akanihakikishia, "Iko sawa, fundi. Haina shida." Nikachomeka flashi yangu, nikafungua programu ya kupima diski. Ikatoka rangi ya njano, rangi ya tahadhari. Diski ilikuwa imewaka kwa saa 38,000, yaani zaidi ya miaka minne ya usiku na mchana, na sekta kadhaa zilikuwa zimeshakufa, kazi yake ikahamishiwa kwenye akiba. Kijana aliinama akasoma kioo kwa mshangao wa kweli. Hakuwa mwongo. Alikuwa hajawahi kuangalia.

Mshangao ule ndio ulionifikirisha. Mfugaji hajui kilicho ndani ya ng'ombe kwa sababu hawezi kumpasua kisha akamuuza. Diski, kinyume chake, huandika ugonjwa wake yenyewe na kumsomea yeyote anayeuliza, na kuuliza ni kazi ya dakika mbili. Kutojua kwa namna hiyo mtu hujichagulia, na alichojichagulia mtu ataulizwa.

Najua wenye rai nyingine. Wanazuoni wa Hanafi wanalipokea sharti la kujivua na kasoro zote, na hoja yao ina uzito: mnunuzi aliridhia, na bei ilishuka kwa ajili hiyo. Fundi mwenzangu wa Makina, hapo Kibera, huniambia vivyo hivyo, bila kutaja madhehebu. Nawaheshimu. Lakini yule mama angekuwa ameridhia nini? Yeye angedhani amenunua kompyuta iliyotumika, kumbe mkononi ana kompyuta inayokufa. Hana 18,000 nyingine mpaka chama kizunguke tena. Kasoro ileile ambayo kwa mwenye nacho ni usumbufu wa wiki moja, kwake ni muhula mzima wa bintiye.

Katika Muwatta wa Imamu Malik kuna kisa ambacho hunisimamisha kila nikikisoma, ingawa kinatoka zama ambazo watu waliuzwa, jambo ambalo Kibera au popote hatulitaki lirudi. Ibn Umar, sahaba wa Mtume, aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutohusika na kasoro. Mnunuzi akalalamika kuwa mtumwa ana ugonjwa ambao hakuambiwa, wakaenda kwa Khalifa Uthman. Uthman akaamua Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa anajua ugonjwa wowote. Ibn Umar akakataa kuapa, akarudisha pesa. Khalifa hakuuliza karatasi ilisema nini. Aliuliza muuzaji alijua nini.

Mimi naongeza: na angeweza kujua nini?

Kutokana na hili nimepata kanuni ya kununua kwa pesa chache. Kinachopimika, nunua cha mtumba. Prosesa haichoki upesi, kwa hiyo ya zamani inatosha. RAM huiacha ipimwe usiku kucha, na asubuhi najua. Pesa nzito naipeleka kwa kisichojieleza, nacho ni pawa saplai. Hiyo ndiyo ng'ombe wa kweli humu ndani: inaweza kuwaka leo vizuri na kesho ikaondoka na ubao mama, na umeme wetu unavyopanda na kushuka huiharakisha. Ya kubadilishia inafaa iwe mpya. Tatizo ni kwamba mashine nyingi za ofisi, kama OptiPlex 9020, hazitumii plagi ya kawaida kwenye ubao, kwa hiyo angalia plagi hiyo kabla hujalipa.

Kuna kasoro nyingine isiyoonekana hata ukifungua kasha. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za kizazi cha nne. Muuzaji wa mashine ya namna hiyo anapaswa kulisema hili kabla ya kutaja bei. Yule mama nilimwambia, tukakubaliana niweke Linux, na kwa pesa iliyobaki tukabadilisha diski kwa SSD mpya ya GB 256.

Ukienda kununua, mwombe muuzaji aipime diski mbele ya macho yako na akuandikie matokeo nyuma ya risiti. Akikataa, rudi na pesa yako nyumbani.