Nyama Iliyolala Ni ya Nani?

Ndugu msomaji, ulizo hili linaweza kukuchekesha. Utasema: walimu wamekosa kazi, sasa wanataka kutufundisha filozofia ya sufuria. Cheka tu, lakini kiisha utufuate. Sisi tunaona kwamba mambo makubwa ya maisha, kama vile haki, heshima na huruma, yanapenda kujificha fasi ndogo. Fasi moja ni ile sufuria inayobaki jikoni kisha karamu, wakati wageni wamekwenda na mbwa wanazunguka nyuma ya nyumba.

1. Desturi yetu

Hapa kwetu Luberizi, na katika Bonde la Ruzizi kuanzia Kiliba mpaka Kamanyola, chakula kilichobaki usiku ni chakula kilicholala. Ndugu zetu wa Tanzania wanakiita kiporo, na Zanzibar wanasema mwiku. Bugali iliyolala, maharagi yaliyolala, sombe iliyolala: hivyo havileti maneno. Sombe wengi wanasema ni tamu zaidi siku ya pili. Mtoto anapewa kipande cha bugali baridi, anakunywa chai kama iko, anakimbia kwenye masomo. Hakuna anayeuliza ile bugali ilikuwa ya nani.

Nyama ni jambo lingine. Kwanza ni haba. Ng'ombe tunawaona kweli: wakati wa kiangazi wanashuka kutoka milimani kuja kutafuta majani bondeni, hata motokari zinasimama barabarani kuwangoja wapite. Lakini kuona ng'ombe si kula ng'ombe. Kwa familia nyingi nyama inaingia nyumbani siku ya mahari, siku ya ndoa, siku ya kumaliza matanga, Noeli na Bonane.

Pili, nyama ina cheo. Mnyama akichinjwa, wazee hawagawanyi kwa kilo. Kuna sehemu ya mjomba, kuna sehemu ya shangazi, kuna ya wazee wa ukoo, kuna ya vijana walioshika kisu. Hata malisho yenyewe, zamani wafugaji waliyalipia kwa mwami kwa kutoa ng'ombe. Ndiyo ile itulo ambayo wazee wangali wanaitaja. Kwa hiyo kipande cha nyama hapa kwetu ni kama barua: kina jina la mwenyewe juu yake. Kikilala, jina halifutiki. Ndipo matata yanapoanzia.

2. Mambo yaliyotokea nyumbani kwetu

Siku moja tulipokea mahari ya binti wa ndugu yetu. Watu walikula, waliimba, walikwenda. Kilibaki kipande kimoja kizuri cha nyama ya kuchoma, karibu kilo mbili. Kilikuwa cha baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu, ambaye ndiye aliongoza maneno ya mahari. Alikuwa amesema atakibeba asubuhi kwenda kwake. Tukakifunika vizuri, tukalala.

Nyumba ile ililala watu wengi. Kati yao kulikuwa watoto wawili wa jirani, waliokimbia kijiji chao kwa ajili ya vita. Mama yao alikuwa amekwenda kutafuta kibarua shambani. Saa kumi na mbili asubuhi watoto wote walikuwa wamevaa bleu-blanc, tayari kwenda kwenye masomo. Ilikuwa siku ya mtihani. Bugali ilikuwa imekwisha, wageni hawakubakisha. Ilibaki mihogo ya kuchemsha, kidogo. Na ile nyama.

Mama wa watoto akatutazama. Sisi hatukusema ndiyo, hatukusema hapana. Tulitazama pembeni, na tunalikumbuka vizuri lile tendo la kutazama pembeni. Akachukua kisu. Akaikata nyama vipande vidogovidogo, akaikata na mihogo, akakaanga kitunguu katika mafuta ya mawese juu ya mbabula, akatia tomati na pilipili kidogo, akachanganya vyote akaviacha mpaka chini vikawa na gamba jekundu. Harufu iliamsha hata waliokuwa wangali wanalala, isipokuwa baba mkubwa peke yake. Watoto walikula mpaka wakafuta sufuria kwa vidole. Mmoja wa wale wawili wa jirani akauliza: « Mama, leo ni Noeli? »

Baba mkubwa alipoamka aliomba maji ya kunawa, kiisha akaulizia nyama yake. Mama wa watoto akapiga magoti, akamletea sahani: « Baba, ndiyo hii. Tuliichanganya na mihogo, watoto walikuwa wanaenda kwenye mtihani. » Mzee akatazama ile sahani muda mrefu. « Ile nyama yangu muliikata sawa lengalenga? » Hakuonja. Alichukua fimbo yake akaenda. Miezi minne hakukanyaga kwetu.

Sisi tulijiona wenye haki. Tulisimulia jambo lile kwa walimu wenzetu, wakacheka, na sisi tukacheka nao: mzee wa zamani, anataka nyama kuliko watoto. Lakini kicheko kile hakikutupa usingizi. Mwishowe tulibeba kuku, tukaenda kuomba msamaha. Mzee alitupokea, akatukalisha, akasema hivi:

« Mwana wangu, munazani nililia nyama? Meno yenyewe inabakia ngapi? Kama mungeniamusha, mukaniambia watoto wana njaa, ningesema: kateni yote. Hamukuniamusha. Muliona mimi ni mutu wa kukatala. Muliniondolea fasi ya kutoa. »

3. Kutoa na kunyang'anywa

Tangu siku ile tunalibeba neno hili la mzee kama somo ambalo hatukulipata tulipokuwa tunasomea ualimu. Tulikuwa tunafikiri kwamba kuna maulizo mawili tu: watoto walikuwa na njaa ao hapana? Nyama ilitosha ao hapana? Tukajibu vizuri yote mawili. Lakini kulikuwa ulizo la tatu: nani alikuwa na haki ya kutoa? Mtu mwenye sehemu ya heshima hapewi nyama tu. Anapewa uwezo wa kusema: chukueni. Ukimega sehemu yake kwa siri, hata kwa kazi njema, umeiacha njaa ya mtoto imepona na umemfanya mzee mchoyo mbele ya watu, bila kumsikiliza.

Hapo utatuuliza: je, kama mzee angeamshwa na angekatala? Hatufichi mawazo yetu. Tungekata. Lakini tungekata mbele ya macho yake, tukibeba hasira yake usoni petu, na tungemwekea sehemu yake kwanza, hata kama ni ndogo. Heshima inaweza kungoja mpaka saa sita. Tumbo la mtoto anayekwenda kwenye mtihani haliwezi. Sisi walimu tunayajua: kila asubuhi kuna kichwa kinacholala juu ya meza, na mara nyingi si uvivu. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi ni ya bure kwa mpango wa serkali, lakini hakuna sheria inayojaza tumbo saa moja asubuhi.

4. Wengine waliamua namna gani?

Ulizo la nyama ya jana ni la kale. Katika Sheria ya Musa, nyama ya sadaka ya shukrani ilipaswa kuliwa siku ileile. Ya nadhiri iliweza kuliwa na kesho yake. Iliyofika siku ya tatu ilichomwa moto. Philo wa Alexandria, mwanafalsafa Myahudi wa karne ya kwanza, alieleza maana yake: sadaka isiwekwe akiba, bali iwe wazi kwa wote wenye haja. Tufikiri kidogo. Mtu akichinja ng'ombe na asiweze kuiweka, hana njia nyingine ila kuita majirani. Na katika Injili, baada ya watu elfu tano kushiba, Yesu aliagiza vipande vikusanywe, vikajaza vikapu kumi na viwili. Mafundisho haya mawili hayapigani. La kwanza linakataza kuficha, la pili linakataza kutupa.

Wazungu nao wana njia yao. Waingereza wanachoma nyama kubwa siku ya Mungu, na zamani Jumatatu masalio yalikatwakatwa pamoja na viazi yakakaangwa. Wamarekani wanakula hivyo asubuhi, wakiweka yai juu. Jina lao lilitoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya kukatakata, na Wafaransa wenyewe wana chakula cha nyama iliyokatwakatwa chini ya viazi, kilichopewa jina la Parmentier (1737-1813), yule mtu wa madawa aliyewafundisha wenzake kutodharau viazi. Basi mama wa watoto wetu hakubuni aibu. Alifanya kile ambacho jikoni nyingi za dunia zimefanya.

Hata hivyo dunia hiyohiyo inatupa. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilihesabu kwamba mwaka 2022 zaidi ya tani bilioni moja za chakula zilitupwa, na karibu 60 kwa mia zilitoka katika nyumba za watu, si katika magulio wala mahoteli.

Tena kuna jambo moja katika kule kukata. Kipande kizima kina mwenyewe. Kikishakatwa na kuchanganywa na mihogo, hakuna anayeweza kuonyesha hii ni ya mkubwa, hii ni ya mkimbizi. Kila kijiko kinachota sawa. Ndiyo sababu baba mkubwa aliona uchungu, na ndiyo sababu yule mtoto aliona Noeli. Sahani ilikuwa moja.

5. Shauri kwa jikoni

Wahenga walisema akiba haiozi. Nyama inaoza, tena upesi, kwa joto la bonde letu na nyumba zisizo na frigo. Wataalamu wa afya wanasema chakula kilichopikwa kisikae wazi kupita masaa mawili. Kwa hiyo kinachobaki usiku kisiachwe mpaka « tutaona kesho ». Kichemshwe tena kabla ya kulala, kifunikwe, inzi wasikifikie. Asubuhi kikatwe kidogokidogo, kwa kuwa moto unaingia upesi katika kipande kidogo, na kikaangwe mpaka moshi wa moto utoke katikati, si pembeni tu. Kama kinanuka ao kinateleza, kitupwe bila huruma. Kuna sumu ambazo moto hauziui, na hapa Uvira tunajua vizuri bei ya magonjwa ya tumbo.

Na mgeni? Wengine wanasema kumpa mgeni chakula kilicholala ni kumdharau. Sisi tunasema inategemea mkono. Ukimpa kilichobaki huku wewe unajipikia kipya nyuma ya nyumba, umemdharau. Ukikaa naye mkala sahani moja, umempa nafasi katika nyumba.

6. Kumaliza

Basi nyama iliyolala ni ya nani? Tunajibu hivi: usiku ni ya yule iliyoandikiwa, asubuhi ni ya wenye njaa, na kati ya usiku na asubuhi kuna mlango wa kubisha. Tuubishe. Tuwaamshe wazee wetu. Wengi watatushangaza.

Baba mkubwa alirudi kwetu Noeli iliyofuata. Walipomletea nyama yake ya heshima, aliomba kisu, akaikata mwenyewe, polepole kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka, akaita watoto. Tulimwambia: « Baba, bakisha basi kidogo kwa kesho. » Akajibu: « Kesho iko na yake. »