TAA ZA KILA ASUBUHI (Kutoka 30:7-8)



Tunawasalimu nyote, ninyi mlio pamoja nasi hapa Rwamwanja na ninyi ndugu zetu mliobaki Kasese na Bwera. Neno letu safari hii ni kuhusu taa, na tunalianza kwa kukiri kosa.

Mnakumbuka kwamba tangu kiangazi cha Desemba taa ya kanisa ilikuwa inazimika kabla ya saa mbili usiku. Watoto wanaokuja kusomea kwenye mwanga ule walirudi nyumbani na madaftari yao kwapani. Sisi wazee tukakaa kikao, tukasema kuna mtu anaiba chaji ya betri. Tukamtazama kijana aliyekuwa akiitunza, kwa sababu tu rafiki zake wengi wana simu. Hakuna aliyemkuta na kosa. Hata hivyo tulimnyang'anya ufunguo mbele ya kwaya, na tangu siku ile hajaonekana ibadani, wala mama yake.

Mwezi wa pili wawili wetu walikwenda Bwera kwenye msiba. Wengi wenu mnaijua njia ile, maana tulivuka pale Mpondwe na mafurushi kichwani. Walilala kwa mama mmoja mjane wa kwetu, aliyepanga chumba kando ya barabara ya malori yaendayo mpakani. Alfajiri, kabla hata ya kuwasha jiko, mama yule alichukua kikombe cha maji na kitambaa, akapangusa kipaneli chake cha sola. Wakamwuliza, "Mama, ni kila siku?" Akacheka, akasema, "Baba, vumbi la malori halisubiri Jumapili."

Waliporudi tulipanda juu ya bati la kanisa. Paneli yetu ilikuwa nyekundu kama barabara, na kinyesi cha ndege kimekauka juu yake. Tuliosha. Kesho yake usiku taa iliwaka mpaka baada ya saa nne. Hapakuwa na mwizi.

Fundi mmoja wa Kasese alitueleza hivi. Paneli ya kawaida ya volti 12 ina vipande vidogo 36 vilivyofungwa kimoja nyuma ya kingine, kama watu waliojipanga kupitishiana ndoo za maji. Mmoja akizubaa, wote wanasubiri. Ndiyo maana kinyesi kidogo au jani moja lililoganda linaweza kupunguza nguvu ya paneli nzima. Tena betri ya maji ya asidi ikilala na njaa siku nyingi huharibika, na bei yake mnaijua.

Sasa tumsome Haruni. Mungu alikwisha kuagiza mafuta safi ya zeituni kwa ajili ya taa za hema. Mafuta yalikuwa mazuri. Lakini utambi wowote unaowaka hufanya masizi, na Haruni alipewa kazi ya kuzitengeneza taa kila asubuhi, yeye kuhani mkuu, si mtumishi wake. Mara nyingi tumehubiri juu ya wanawali kumi wa Mathayo 25, tukasisitiza mafuta. Safari hii shida yetu haikuwa mafuta. Jua la Mungu halikupungua hata siku moja. Huko Kikorongo mstari wa ikweta unakatiza barabara. Kioo chetu ndicho kilichokuwa kichafu, na moyo wetu ukatafuta mtu wa kumlaumu.

Basi, wenye sola nyumbani, osheni asubuhi na mapema kioo kikiwa baridi, kwa maji safi na kitambaa laini. Maji baridi juu ya kioo kilichochomwa na jua la mchana yanaweza kukipasua. Msitumie majivu, mchanga wala steelwool, maana hukwaruza. Paneli isilale chali. Iinamisheni kidogo ili mvua ya Machi isaidie kazi. Watoto wasipande juu ya bati. Fungeni kitambaa kwenye mti mrefu. Mwaka 2019, Ebola ilipofika Kasese, tulinawa mikono kutwa nzima kwa sababu ya hofu, na hakuna aliyelalamika kwamba ni kazi nyingi.

Limebaki jambo la kijana wetu. Bwana alifundisha kwamba mtu akikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake pale, aende kwanza kupatana naye (Mathayo 5:23-24). Kwa hiyo Jumapili ijayo sisi wazee hatutakusanya sadaka mpaka tutoke kwake. Tutakwenda kwa miguu, na ufunguo mkononi, na tutasema mbele ya majirani kwamba tulimsingizia. Mtuombee, kwa maana hatujui kama mama yake atatufungulia mlango.