Matanuru Mawili, Jembe Moja

Wajukuu zangu, nimechoka kusema, lakini kunyamaza kunanichosha zaidi. Kila jioni nawasikia mkigawana wakubwa: huyu wa Rais, yule wa Makamu. Hebu kaeni kidogo.

Babu zetu hapa Ufipa walifua chuma. Tanuru refu, ilungu, lilivuta upepo lenyewe bila mivukuto. Lakini kilichotoka humo bado kilikuwa na taka. Kikapelekwa kintengwe, tanuru dogo la mivukuto, kikasafishwa; ndipo mhunzi akapata jembe. Anayedharau kintengwe hubaki na mabonge, na shamba halilimwi kwa mabonge.

Dola nayo ndivyo ilivyo. Tangu uchaguzi wa 1995, Rais na mgombea mwenza huchaguliwa kwa kura moja. Katiba inamwita Makamu msaidizi mkuu wa Rais kuhusu mambo yote katika Jamhuri ya Muungano. Hashindani na kiti, anakitegemeza. Machi 2021 tuliliona hilo: Rais Magufuli alifariki tarehe 17, na tarehe 19 Makamu wake, Mama Samia, akala kiapo. Msiba ulikuwa mzito, lakini hapakuwa na wa kugombania kiti.

Machungu pia yapo. Mzee Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Mwalimu Nyerere, alitaka Muungano wa serikali tatu. Januari 1984, katika kikao cha chama Dodoma, akajiuzulu. Kwa majirani wa Kenya, Makamu Jaramogi Oginga Odinga aliachana na Rais wake, Mzee Kenyatta, mwaka 1966. Na Oktoba 2024 Bunge la Taifa na Seneti ya huko vilimwondoa Naibu Rais Gachagua, miaka miwili tu tangu yeye na Rais Ruto waombe kura pamoja.

Sitaki kuamua nani alikosa. Nawaomba jambo moja. Ukiwa wa kwanza, mwite mwenzako umweleze mwenyewe, kabla wapambe hawajamweleza kwa niaba yako. Ukiwa wa pili, ukweli wako useme chumbani, mbele yake, usiutangulize barazani. Na sisi tulio nje tuache kubeba maneno huku na huku. Nyumba nyingi zimeungua kwa kuni zilizoletwa na wageni.

Nanyi mtapewa vyeo, hata kama ni makamu mwenyekiti wa kamati ya shule. Anzeni huko, wanangu. Huko ndiko mtu anakojifunza kuwa wa pili bila kinyongo, na kuwa wa kwanza bila hofu.