TUNADAIWA NINI SIKU YA KUAGANA?



Wengi kati yetu ni watu wa safari. Mmoja anavuka ziwa kwenda Kigoma kwa biashara, mwingine anakwenda Ndola kutafuta matibabu, mwingine anafuata masomo huko Ubelgiji. Kila mmoja akikaa ugenini miezi au miaka anapata watu wake: nyumba iliyompa sahani, mama aliyemwita mwana, rafiki aliyemwonyesha njia za mji. Halafu siku ya kurudi inafika. Kabla ya kuondoka, anatoa Jumamosi na Jumapili yake kwenda kukaa nao mara ya mwisho.

Leo tuulize juu ya siku hizo mbili. Zinafaa nini? Msafiri anadaiwa nini na wale anaowaacha?

1. Je, kuaga si kupoteza wakati?

Wako wanaosema hivyo. Wanasema: mwenye kwenda aende, machozi hayabadilishi siku ya safari. Tena mwenyeji anakopa ili apate kuku wa kumchinjia mgeni, na mgeni akishaondoka deni linabaki. Wanatukumbusha pia Luka 9, habari ya mtu aliyetaka kumfuata Yesu lakini kwanza awaage watu wa nyumbani mwake, akajibiwa kwa mfano wa mkulima anayeshika jembe huku akitazama nyuma.

Neno hilo ni zito, tusilipite. Lakini tusome pia 1 Wafalme 19. Elisha alipoitwa na Eliya, naye aliomba akawaage baba na mama. Alirudi, akachinja ng'ombe aliokuwa akilima nao, akawapikia nyama kwa kuni za vyombo vyao vya kulimia, akawalisha watu. Ndipo akaondoka. Angalieni vizuri: alichoma vyombo vya kazi yake ya zamani. Kuaga kwake hakukumpa njia ya kubaki. Kulimfungia njia ya kurudi nyuma.

Kumbe kuna kuaga kwa namna mbili. Kuna kuaga kunakochelewesha, kwa mtu ambaye moyo wake haujakubali kwenda. Na kuna kuaga kunakokamilisha, kwa mtu ambaye amekubali na anataka kuacha mambo yakiwa sawa. Kule kwa kwanza ni hila. Kule kwa pili ni haki. Hata Labani, mtu aliyemdanganya Yakobo miaka mingi, alikuwa na neno la kweli alipomfuata mbio na kulalamika kwamba wanawe walichukuliwa bila yeye kuwabusu.

2. Neno letu: kusindikiza

Katika nyumba zetu mtu hamwagi mgeni akiwa ameketi. Anasimama, anachukua mzigo mmoja, anatembea naye mpaka njia panda. Hiyo ndiyo kusindikiza. Neno hili lina mafundisho. Anayesindikiza hamzuii mgeni, wala hamsukumi nje. Anachukua kipande cha safari ya mwenzake na kukifanya chake, kisha anajua mahali pa kusimama.

Katika Matendo 21 Paulo alikaa siku saba kwa waamini wa Tiro. Siku ya kuondoka wote walitoka naye mpaka nje ya mji, pamoja na wake zao na watoto wao, wakapiga magoti pwani, wakaomba. Halafu yeye akapanda merikebu, wao wakarudi nyumbani. Wote wawili, anayekwenda na anayebaki, walirudi kwenye kazi yao.

3. Mwisho wa juma Kigoma

Niseme jambo moja nililoliona mwenyewe. Nilikuwa Kigoma miezi kadhaa kwa kazi, nikipokelewa mara nyingi na mzee mmoja na mke wake, katika mtaa wa Mwanga. Mwisho wa juma wangu wa mwisho nilikwenda kukaa kwao. Jumamosi asubuhi tulikwenda Ujiji na mzee, kutazama mitumbwi na kununua dagaa, ambao sisi upande wa Uvira tunawaita ndagala. Mchana tulikula ugali. Jioni tulifanya hesabu: nilimlipa mzee fedha aliyonikopesha nilipougua, naye akanirudishia redio yangu ikiwa imetengenezwa. Hakuna aliyesema maneno makubwa.

Jumapili jioni nilitaka kuwaambia watoto kwamba nitarudi Pasaka na zawadi. Mama yule akaniwahi. Akasema: «Mwanangu, usiwaambie utarudi. Sema kama utaandika, na uandike.» Halafu akanieleza. Mgeni mwingine, kabla yangu, alimwahidi mtoto wao wa pili baiskeli. Alisema kwa upendo, akiwa na machozi. Mtoto yule kwa karibu mwaka mzima alikuwa akikimbilia barabarani kila aliposikia gari linasimama. «Yule bwana hakuwa mwongo,» mama akasema, «alikuwa na huzuni tu. Lakini huzuni yake ililipwa na mtoto wangu.»

4. Ahadi za mlangoni

Wapendwa, hapa ndipo penye swali letu. Mtu anayeondoka anaona aibu. Amekula, amelala, amependwa, na sasa anakwenda. Anataka kuacha kitu kilicho sawa na alichopokea. Mkononi hana. Basi anatoa ahadi, kwa sababu ahadi haina bei siku ya kutolewa. «Nitarudi.» «Nitawatumia.» «Nitamchukua mtoto huyu asome kwetu.» Mlango unapofunguliwa, maneno hayo yanampunguzia uchungu. Lakini uchungu hauishi, umehamishwa tu. Ametoka mabegani mwake umekwenda kukaa kwa wale wanaobaki, nao wataubeba kila siku wanapongoja.

Mtu anaweza kuuliza: je, si upendo unaosema hivyo? Ndiyo, ni upendo, lakini ni upendo unaojitunza wenyewe. Upendo unaomtunza mwenzako unakubali kubaki na deni. Unasema: «Mmenipa kuliko ninavyoweza kulipa, nami ninakwenda nikijua hivyo.» Kusema hivyo ni kugumu kuliko kuahidi baiskeli. Lakini neno hilo halimwachi mtoto barabarani.

Paulo alipoagana na wazee wa Efeso kule Mileto, katika Matendo 20, aliwaambia wazi kwamba hawatamwona uso tena. Walilia sana, wakamwangukia shingoni. Angeweza kuwatuliza kwa neno la uongo. Hakufanya hivyo. Aliwaacha na uchungu wa kweli, na uchungu wa kweli una mwisho wake. Kisha wakamsindikiza mpaka merikebuni.

5. Ahadi ndogo iliyotimizwa

Nimetaja Ujiji. Mahali hapo mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone, mzee mgonjwa aliyekwisha kuishiwa na mali. Walisafiri pamoja mpaka kaskazini ya ziwa, penye mto Rusizi, kisha wakaenda Tabora. Waliagana tarehe 14 Machi 1872. Asubuhi hiyo Livingstone alimsindikiza mwenzake kwa miguu sehemu ya njia, kisha akarudi. Hawakuonana tena.

Matendo ya Stanley baadaye katika Kongo, akimtumikia mfalme Leopold II, sisi tunayajua, wala hatumsifu kwa hayo. Tutazame jambo hili moja. Siku ya kuagana aliahidi kwamba akifika pwani atatuma wapagazi na mali. Ilikuwa ahadi ndogo, yenye kipimo. Mwezi wa Agosti 1872 watu zaidi ya 50 walifika Tabora.

Mwaka uliofuata Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi na Chuma, waliokuwa naye tangu miaka mingi, pamoja na wenzao, walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili, wakaubeba mpaka Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Kati yao alikuwamo Jacob Wainwright, mmoja wa wale waliotumwa na Stanley. Yeye alisoma maombi ya maziko na kuchonga jina juu ya mti. Hivi ahadi ndogo ya siku ya kuagana ilileta watu waliomsindikiza mzee mpaka baharini. Hakuna aliyejua hivyo siku ile. Ahadi yenye kipimo ikitimizwa, inaweza kwenda mbali kuliko mtu aliyeitoa.

6. Wale ambao hawakuagana

Tusisahau kwamba kuagana ni neema. Mwaka 1996, vita ilipoanza upande wetu, watu walikimbia usiku, wakavuka ziwa na nguo walizovaa. Wengi walipelekwa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka huo huo katika jimbo la Kigoma. Wapo waliomwacha mama shambani, wapo waliomwacha jirani bila hata kumwambia kwaheri, na hawakuwaona tena. Ukizungumza nao leo, watakuambia kwamba nyumba iliyopotea inauma, lakini lile neno ambalo halikusemwa linauma zaidi. Basi mtu aliyepewa Jumamosi na Jumapili nzima kwa kuaga amepewa kitu ambacho wengine wangekinunua kwa mali yao yote. Asikitumie kwa maneno ya bure.

7. Basi, tufanyeje?

Unapokwenda kuwaaga rafiki zako wa ugenini, chukua chakula mkononi, usiwaachie deni la kuku. Lipa ulichokopa, rudisha ulichoazima. Kama kuna neno baya lililopita kati yenu, litengeneze Jumamosi, usingoje mlango wa Jumatatu. Washukuru kwa mambo wanayoyajua, moja moja: siku ya homa, siku ya mvua, siku ile ya maziko. Ukiahidi, ahidi kitu kidogo ambacho mkono wako unafika: barua, simu siku ya kufika, sala ya kila jioni. Kisha kitimize.

Na wewe unayebaki, msindikize mgeni wako. Usimlazimishe aseme atarudi lini. Beba mzigo mmoja, tembea naye mpaka njia panda, muombe pamoja, umwachilie. Kama Mungu atawakutanisha tena, itakuwa furaha juu ya furaha. Kama sivyo, hakuna atakayekuwa anamngoja mwenzake kwa neno la uongo.

Amani iwe kwenu nyote mlio safarini, na kwa nyumba zote zinazowapokea.