Jeraha Lisiloonekana kwa Macho

Somo: Marko 8:22-26

Kipofu wa Bethsaida hakuponywa kwa mara moja. Bwana alimwekea mikono, naye akaona kwa kufifia tu. Ndipo akamwekea mara ya pili. Wala hakumkemea kwa kuwa alikuwa bado haoni sawasawa.

Nawakumbusha haya kwa ajili yao walioumizwa ubongo: aliyeanguka mwembeni, aliyetupwa na pikipiki, aliyepigwa rungu. Kovu limefunikwa na nywele, nasi twasema, Amepona. Lakini mkewe ajua. Atumwa chumvi, arudi mikono mitupu. Aanza kupalilia, aacha jembe katikati ya shamba. Kelele za watoto zamchoma kichwani. Neno alijualo lamkimbia ulimini. Hukasirika kwa jambo dogo, kisha hulia. Kazi ya saa moja humchosha kama ya kutwa. Mwenye mguu uliovunjika twampa kiti. Huyu twamwita mvivu, au mlevi, au mwenye pepo.

Mwaka 1848, huko Cavendish, Vermont, katika Marekani, Phineas Gage, msimamizi wa kazi ya reli, alipigwa na chuma cha kushindilia baruti. Kiliingia shavuni, kikatokea utosini. Hakufa, akanena, akatembea. Lakini rafiki zake hawakumwona kuwa mtu yule yule, na mabwana wake hawakumrudishia kazi yake. Baadaye alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi miaka kadhaa, kazi yenye utaratibu ule ule kila siku, naye akaiweza. Alifariki mwaka 1860.

Basi, walimu na wazee wa kanisa, neno langu hasa ni kwenu. Mtu wa namna hii akishtakiwa mbele ya baraza kwa matukano, au kwa kuacha ibada, msifanye haraka kumtenga na Meza ya Bwana. Sisemi kwamba dhambi si dhambi. Naye ana dhamiri, tena pengine yamwuma kuliko yetu. Lakini ulizeni kwanza nyumbani mwake: kabla ya kuumia alikuwaje? Mwambieni jambo moja moja. Mwandikieni siku ya zamu yake. Mpeni nafasi karibu na mlango, mbali na tarumbeta, apate kutoka akichoka. Mkewe naye msimsahau. Mzigo wake hauna siku ya kupumzika. Na maumivu ya kichwa yakizidi, au akitapika, au akishikwa na kifafa, mpelekeni hospitali siku ile ile, wala msingoje Jumapili ili aombewe kwanza.