Je, Kumtenga Mgonjwa ni Kumkataa?



Mama mmoja wa kanisa letu alilazwa kwa kifua kikuu, akawekwa peke yake katika chumba cha mwisho cha wodi. Wengi wetu tulinung'unika. Tulisema: vita vilitutenga na ndugu zetu, je, na hospitali nayo itutenge? Kuuliza si kosa. Lakini tulipaswa kwanza kuelewa kazi ya chumba kile.

Mwenye kifua kikuu cha mapafu akikohoa, akizungumza au akiimba, hutoa matone madogo mno. Yaliyo mazito huanguka chini. Yaliyo madogo hukauka na kuelea hewani hata kwa saa kadhaa. Kwa hiyo mtu huambukizwa kwa kuvuta hewa, si kwa kushikana mikono wala kula sahani moja.

Ndiyo sababu mlango wa upande wa wodi hufungwa. Katika hospitali zenye uwezo, mashine huvuta hewa ya chumbani na kuitoa nje, ikabadilishwa kama mara 12 kwa saa. Mlango ukifunguliwa, hewa huingia ndani badala ya kutoka kuwaendea wengine. Pasipo mashine, madirisha husaidia sana. Huko Lima, nchini Peru, utafiti uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wodi za zamani, zenye dari ya juu na madirisha makubwa yaliyofunguliwa, zilipitisha hewa kuliko vyumba vya mashine.

Basi kinachozuiwa ni hewa, si mtu. Tena tulione jambo hili: yule mama alikaa mle kwa ajili yetu. Upweke ulikuwa wake, faida ikawa ya watoto wetu. Anayebeba mzigo wa wengi, wengi wana deni kwake.

Je, tulilipa? Hatukulipa. Aliporudi nyumbani, daktari akiwa amemruhusu, tulikataza watoto wetu kucheza na wake. Kisimani tulisogeza madumu yetu mbali na lake. Kumbe mgonjwa anayemeza dawa zinazofaa huacha kuwa hatari mapema, ingawa matibabu huendelea kwa miezi 6 hivi. Utafiti wa Madras, India, ulionyesha kwamba familia za wagonjwa waliotibiwa nyumbani hazikuambukizwa zaidi ya zile ambazo wagonjwa wao walilazwa. Daktari alimtenga kwa siku chache. Sisi tulimtenga bila mwisho.

Tusome Hesabu sura ya 12. Miriamu aliwekwa nje ya kambi siku 7. Lakini watu hawakung'oa mahema yao mpaka aliporudishwa. Hapo ndipo tunaona tofauti. Kutenga kwa haki kuna siku ya mwisho, na kuna watu wanaongoja. Kukataa hakuna hata kimoja.

Sisi tunaoishi kambini tunajua maana ya kungojewa. Basi mwingine akilazwa, tumpokelee mgao wake, tulinde watoto wake na kuwapeleka wapimwe, tumsalimu kupitia dirishani tukisimama nje penye upepo. Na siku atakayorudi, tuwe mlangoni.

Mungu atusamehe, atufundishe kungoja.