Agizo la Mwisho

Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa fundi wa injini katika matagi ya bandarini Mombasa, zile mashua nene zinazosukuma na kuvuta meli kubwa mpaka zikakaa sawa gatini. Kazi yangu ilikuwa chini, kwenye joto na mlio. Nahodha alikuwa juu, akiona bahari. Mimi nilisikia kengele tu. Ikilia hivi, mbele polepole. Ikilia vile, nyuma kwa nguvu zote. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Nilipostaafu nikajitengenezea tagi dogo la mbao, urefu wake kiasi cha mkono mmoja. Sikutaka liwe la kuchezea tu. Nilitaka lifanye kazi kama matagi ya kisasa, yasiyo na usukani, bali yana rafadha mbili zinazozunguka zenyewe huku na huku chini ya tezi, na nyingine ndogo ya kusukuma ubavuni kule omo. Hapo ndipo nilipokutana na swali ambalo sikulitegemea kwa mtu wa umri wangu.

Ndugu msomaji, hesabu nami. Kila rafadha ya tezi inahitaji chaneli mbili za rimoti: moja ya mwendo, moja ya kuelekea. Mbili zinakuwa nne, na ile ya omo ya tano. Mkono wa binadamu una vidole vya kutosha lakini akili haina. Nilijaribu kuendesha kila kitu peke yake, nikawa kama mtu anayepiga ngoma mbili huku akila ubwabwa. Njia ya pili ni kuweka kichanganyaji: wewe unasukuma kijiti kimoja, chombo kinagawa kazi, rafadha hii ipunguze, ile iongeze. Nilikikataa mwanzoni. Niliona ni udanganyifu: amri nimetoa mimi, lakini tendo amechagua nani?

Baadaye nikasoma habari za meli ya kuchimbia iliyoitwa CUSS I. Mwaka 1961, karibu na kisiwa cha Guadalupe cha Meksiko, ilisimama juu ya kina cha zaidi ya mita 3,500, mahali ambapo nanga ni ndoto. Ilikuwa na rafadha nne za kugeuzwa, na watu walizielekeza kwa mkono, wakitazama maboya yaliyoizunguka. Mwaka uleule meli nyingine, Eureka, ikawekewa mtambo wa kuifanya kazi hiyo wenyewe. Sidhani kama kuna mtu aliyewaambia mabaharia wa Eureka kuwa ni wavivu. Nikakubali kichanganyaji. Mimi mwenyewe, nikifikiri vizuri, nilikuwa rafadha ya mtu mwingine maisha yangu yote, na mshahara niliupokea.

Siku ya kwanza ya kulishusha baharini tulikwenda Tudor, mimi na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Maji yalikuwa yanakupwa. Tagi likaenda vizuri, likageuka papo hapo kama mchezaji wa chakacha, kijana akapiga makofi. Nikasukuma kijiti mpaka mwisho, kumwonyesha. Likaenda. Nikarudisha kijiti. Likaendelea kwenda. Nikavuta nyuma, nikatikisa rimoti, nikainua juu kama mtu anayeomba mvua. Wapi! Lilikwenda moja kwa moja, mwendo uleule, likajipiga kwenye mizizi ya mikoko, na rafadha moja ikavunjika.

Kosa lilikuwa langu. Risiva nilikuwa nimeiweka chini kabisa ndani ya bodi, pamoja na waya wake wa kunasia mawimbi, chini ya usawa wa maji. Na mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapiti majini. Lakini hilo halikunishangaza. Lililonishangaza ni aliloniambia kijana mmoja anayetengeneza redio mtaani kwetu: "Mzee, risiva yako haikupangiwa la kufanya isipokusikia. Kwa hiyo imeshika agizo la mwisho."

Sikulala vizuri usiku ule.

Mwanangu wa kiume tuligombana mwaka 2019. Sababu siisemi hapa, ni ya mke aliyemtaka na ya ulimi wangu. Tangu utoto wake nilikuwa nimemwendesha kila rafadha peke yake: shule gani, rafiki gani, saa ngapi arudi. Siku ile mlangoni nilimwambia aondoke na asirudi. Aliondoka. Nilikuwa najisemea, miaka yote hii, kwamba ana kiburi, mbona hata simu hapigi. Kumbe nalaumu utii. Neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu lilikuwa "nenda", naye bado anakwenda.

Nilimweleza haya rafiki yangu tunayeswali naye. Akacheka. "Mtu si mashua, Bwana. Ana akili yake; angetaka kurudi angerudi." Ni kweli, na nimeligeuza neno hilo mara nyingi. Lakini naona halinitoi hatiani. Akili yake inaweza kulipinga agizo, ndiyo. Kwa nini nimwachie yeye kazi ya kulipinga wakati mimi ndiye niliyelitoa, na mimi ndiye mwenye rimoti?

Tulipotengeneza rafadha, nikapandisha risiva juu, chini ya paa la kibanda cha nahodha. Kisha mjukuu akashika kile kitabu cha maelekezo. "Babu, inauliza: ikikosa kukusikia, ifanye nini?"

Unaweza kuiambia izime mota zote. Lakini maji yakikupwa yataichukua mpaka bahari kuu. Vipo vifaa vya satelaiti vya kuirudisha mahali ilipoanzia, vina bei yake. Kijana alitaka hicho. Mimi nikachagua kitu cha katikati: rafadha moja ikae kimya, nyingine isukume kidogo kwa pembeni, tagi lizunguke polepole hapohapo mpaka sauti irudi. Tukalijaribu kwenye birika la uani, tukazima rimoti. Likazunguka, likazunguka. Mjukuu akawasha tena, likamsikia.

Alhamisi, baada ya isha, nilitafuta namba ya mwanangu kwa dada yake. Simu iliita mpaka ikakata. Nikamwandikia ujumbe kwamba lile neno la mlangoni nimelifuta. Ijumaa nikapiga tena.